Kikombe Kisichojua Moto

Tangu nirudi, kila anayepita kwangu ananiuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimempa jibu lake, refu au fupi kwa kadiri ya kahawa aliyokuja nayo. Sasa nasikia mnabishana sokoni juu ya safari ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda. Basi nimekaa niandike mara moja, msomeane, mniache nipumzike. Habari za vibali na mikataba siandiki, hazina ladha. Nitasema njia, chakula, watu na hofu, na hofu itakuwa nyingi. Mnanijua. Mimi ndiye niliyepanda juu ya paa siku ya harusi kwa sababu ya mbwa. Kijiji kimoja sitakitaja jina, na atakayeniuliza sitamjibu hata akija na mbuzi.

Dodoma, nikingoja sanduku

Bwana wangu Mdachi alikuwa mtafuta mawe. Tangu alipopita huku kwetu Kondoa akigongagonga vilima kwa nyundo, watu walimwita Bwana Mawe, na mimi nikawa mpishi wake na mtunza vyombo vyake. Safari hii alitangulia Iramba kwenye machimbo ya dhahabu, akaniacha Dodoma kungoja sanduku la vyombo alilokuwa ameliacha pwani. Reli ilikuwa imefika Dodoma juzijuzi tu, na watu walikuwa bado wanatoka nje kutazama gari la moshi likipumua.

Gari likaja bila sanduku. Likaja tena, likashusha Wagiriki na mapipa ya saruji. Nililala mtaa unaoitwa Kikuyu, kwa mama mmoja wa Kigogo aliyenilisha ugali wa uwele na mlenda asubuhi na jioni. Mlenda ni mzuri, lakini mtu wa Kondoa akiula mfululizo huanza kuota maharage. Hapo ndipo nilipompata Ndahani, mtu wa Mvumi, mpagazi mwenye mabega mapana na maneno machache, aliyekubali kwenda nami Iramba. Aliniita Mrangi, nami nikamwita Mgogo, na huo ukawa urafiki wetu.

Sanduku lilipofika nililifungua papo hapo. Ndani yake mlikuwa na kisanduku kingine cha ngozi, na ndani ya hicho, kikombe. Wengi mmeniuliza kama kilikuwa cha dhahabu. Dhahabu ni kitu cha kawaida. Kikombe kile kilikuwa cha platini, madini meupe yenye kijivu kidogo, mazito mkononi kuliko unavyotarajia, na ni adimu kuliko dhahabu. Bwana Mawe alinieleza jioni nyingi kwa Kiswahili chake cha kupasua kuni. Huokotwa punje punje katika mito ya Urusi, na inao ndugu zake walio adimu kuliko yenyewe. Mmoja ni iridi. Chembe yake, ndogo kama yai la chawa, ilikuwa kwenye ncha ya kalamu yake, ndiyo maana kalamu ile haikuchakaa ingawa aliandika kutwa. Mwingine ni osmi, ambayo kwao walifanya nyuzi za taa zisizotaka mafuta. Na platini yenyewe alikuwa nayo hata kinywani, kwa kuwa meno yake mawili ya mbele yalikuwa ya bandia, yameshikwa kwa vijiti vya platini. Alipokuwa akicheka nilikuwa natazama utajiri.

Kikombe kilikuwa cha kupikia mawe. Msicheke. Jiwe ukitaka likuambie lina nini ndani, unalisaga, unalichanganya na magadi, unalipika kwa moto mkali mpaka linakuwa mchuzi. Chombo kingine kingeyeyuka, au kingetia ladha yake kwenye mchuzi na kuusemea uongo. "Platini haijui moto," aliniambia. "Haijui kutu, haijui maji makali. Adui yake mkubwa risasi. Ile madini laini, mnamimina kwa gobori. Risasi ikiyeyuka ndani, inamla. Wewe ukiona risasi, kimbia." Kabla hajatangulia Iramba aliniagiza nikisugue kila siku kwa mchanga laini, ndani na nje. Kisha akanikumbusha kwamba kikipata dosari, ni hamsa ishirini. Viboko hivyo mnavijua, na ambaye hajavipigwa amevisikia vikipigwa bomani.

Basi nilitoka Dodoma nimebeba kitu nisichoweza kukilipa hata nikizaliwa tena.

Kuelekea Bahi

Ndahani alibeba mzigo mkubwa, mimi nikabeba kisanduku kifuani. Kila tulipopumzika nilikifungua kuona kama kikombe kipo. Nilijua kipo, uzito wake ulinigonga mbavu njia nzima, lakini hofu haisikii ushahidi.

"Mrangi," Ndahani aliniambia, "ukikifungua tena kitakuonea haya."

"Wewe hukuagizwa."

"Mimi nimeagizwa kukufikisha wewe. Nami sikufungui kuona kama upo."

Nchi ilikuwa kavu. Mvua za kwanza zilikuwa zimepita bila kunyesha, na mashamba ya uwele yalikuwa yamepandwa vumbini yakingoja. Wingu lilitokea mashariki kila alasiri, likavimba, likasambaa. Njiani tulikuta nyayo za simba juu ya nyayo za ng'ombe, mbichi kabisa, na tangu hapo nikawa natembea nyuma ya Ndahani, nikaona nyuma ni kubaya zaidi, nikarudi mbele.

Bahi tulifika nimekauka koo. Wanawake walikuwa wanachemsha chumvi pembeni ya mbuga, nami nikaona chungu kimewekwa kivulini, kimefunikwa, maji yake safi. Nikanyoosha kidole na kufanya ishara ya kunywa. Mwanamke mmoja akasema kitu, nikadhani ameniruhusu, nikapiga mafunda mazito. Yalikuwa maji ya udongo wa chumvi, yaliyochujwa yakingoja jiko. Nilitapika mbele ya akina mama wote, na wao wakacheka mpaka wakakaa chini. Ndahani alinieleza baadaye kwamba yule mwanamke alikuwa amesema, "Mwacheni, labda kwao hunywa." Walinipa maziwa mgando kwa huruma, na huo ndio mlo wa mwisho niliokula kwa furaha katika safari ile.

Kijiji nisichokitaja

Tulifika mchana. Nyumba za tembe zilikuwa chache, ng'ombe mbavu nje. Tukasalimu, "Mbukwenyi," wakaitikia bila kuinuka. Mgogo hamnyimi mgeni mahali pa kukaa, kwa hiyo tulipewa ukuta wenye kivuli na kata ya maji ya matope, lakini hakuna aliyetuuliza tunatoka wapi. Ndahani akanitazama. Huko kwao mgeni asiyeulizwa atokako ameshashukiwa.

Ilipofika alasiri lile wingu likaja tena, na siku ile lilikuwa jeusi kweli, chini yake kumening'inia mvua. Watu wote wakatoka nje kimya kulitazama. Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nimegeukia ukuta nafanya kazi yangu ya kila siku. Nikachukua mchanga kidogo, nikakisugua kikombe kwa kukizungusha, nikapuliza ndani vumbi litoke, kisha nikageuka nikakiinua juu, upande wa mwanga, nione kama kimepata mkwaruzo.

Wingu likapasuka katikati. Nusu ikaenda kaskazini, nusu kusini, na jua likatuwakia.

Niliposhusha mkono nikakuta watu wote hawalitazami wingu tena, wananitazama mimi. Wanaume wakaja polepole, wakatuzunguka, wakamchukulia Ndahani mkuki wake kwa adabu kabisa, kama mtu anavyompokea mgeni fimbo. Nikakaa chini.

Mtemi wao akaletwa. Nilitarajia mzee, kumbe alikuwa mtu wa rika letu, na alilitazama anga kabla ya kunitazama mimi. Ugogo mtemi ndiye mwenye mvua. Isiponyesha, watu humwuliza yeye, na wakichoka kumwuliza humtafuta mwingine. Mtu yule alikuwa anahitaji mno kumpata aliyeifunga.

Akauliza kwa Kigogo, Ndahani akanigeuzia kwa Kiswahili. "Anasema umefunga nini humo?"

"Mwambie ni kikombe."

"Anasema kikombe gani kisichonywewa?"

"Mwambie ni cha kupikia mawe."

Ndahani akatikisa kichwa. "Hilo siwaambii," akasema. "Tutakufa."

Ningecheka siku nyingine. Mtajua kwamba kwao mvua ina mawe yake, yanatunzwa na mtemi, yanapakwa mafuta, na mtu mwingine hayagusi. Mgeni anayepika mawe kwa siri hana la kujitetea. Na anayefunga mvua hatozwi faini. Anapelekwa porini, wanaompeleka wanarudi, yeye harudi.

Wakamwita mhunzi wao, mzee mfupi mwenye macho mekundu ya moshi. Nikapata tumaini kidogo, kwa sababu babu yangu alifua chuma huku Kondoa, nanyi mnajua wahunzi wana akili ya kuangalia kitu kabla ya kukihukumu. Akakishika kikombe, akakipima kwa mkono, akakinusa, akakigusa kwa ulimi. Kisha akatoa hukumu ya kihunzi. Kila madini, alisema, husema yakitoka motoni. Chuma hutoa magamba, shaba huwa nyeusi, risasi humwagika. Kama hiki ni kitu cha watu, moto utakijua.

Nilitaka kupiga kelele. Nilijua kitakachotokea, maana nilikuwa nimekiona mara nyingi kambini.

Wakakiweka juu ya makaa, wakaivuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi mpaka makaa yakawa meupe. Mhunzi akakichukua kwa koleo, akakiweka chini, tukangoja kipoe. Kikawa kilekile. Hakikuwa na gamba, hakikuwa na weusi, hata ukingo wake haukupinda. Mzee akarudi nyuma hatua moja, akajifuta mikono kwenye nguo yake. "Hakikusema kitu," Ndahani akanigeuzia.

Wakamshika na yeye, kwa kuwa ndiye aliyenileta. Mwanamume mmoja akaanza kukunjua kamba ya ng'ombe. Nawaambia kweli rafiki zangu, nilijaribu kupiga shahada na ulimi ulikataa. Ndahani hakulia, hakubembeleza. Alisema tu, kwa Kiswahili ili wasielewe, "Mrangi, wewe unakijua kitu hicho. Hakina kinachokiweza?"

Kinachokiweza kilikuwepo. Nilikuwa nimekijua tangu mwanzo, na nilikuwa nimekificha hata moyoni mwangu, kwa sababu kukisema kulikuwa sawa na kuuza mgongo wangu kwa viboko vya Bwana Mawe. Nikamtazama Ndahani na ile kamba.

"Waulize, wana risasi?" nikasema. "Ya gobori. Waiyeyushe ndani yake, kisha wavute mivukuto."

Mhunzi alikuwa na vidonge kwenye mfuko wa ngozi. Akavitia, vikayeyuka, vikatulia chini ya kikombe, vinang'aa. Wakavuta mivukuto. Kwa muda hakikutokea kitu, nami nikawaza kwamba Bwana Mawe alinidanganya na kwamba nitakufa kwa uongo wa Mdachi. Kisha tone likaanguka kwenye makaa. Likafuata jingine. Mzee alipokiinua kwa koleo, tuliona moto kupitia tundu chini yake.

Akacheka. Sijapata kusikia kicheko kizuri vile. "Ni kitu cha watu," akawaambia. "Kina kinachokila." Kwao dawa ya kufunga mvua haina mlaji, na kitu chenye mlaji ni kitu cha dunia hii kama sisi. Kamba ikakunjwa. Wanawake wakarudi ndani, na maziwa yakaletwa.

Mimi sikuyanywa. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa jambo la pili, na nikaona mtemi analiogopa pia. Akauliza, "Bwana wako atasema nini?" Wote walikuwa wameona moshi wa vijiji vya mbali, siku askari walipotumwa kuuliza juu ya kitu cha Mzungu kilichopotea. Askari hawaulizi kwa mdomo. Mwanamume aliyekuwa na kamba akasema kitu kifupi, na Ndahani hakunigeuzia. Sikuhitaji. Njia salama kwao ilikuwa sisi tusifike kokote.

"Waambie nitasema ni mimi," nikasema. "Nitasema nilimimina risasi mwenyewe njiani, kwa ujinga wangu. Kijiji sitakitaja."

Mhunzi akanishika mkono, akauweka juu ya fuawe lake, akapiga nyundo kando ya vidole vyangu, nami nikarudia maneno yale. Kiapo cha fuawe kwa mjukuu wa mhunzi si mchezo. Lakini msiniite shujaa. Nilikuwa kati ya hofu mbili, nikachagua iliyokuwa mbali.

Kilimatinde na njia ya Iramba

Tulipanda ukingo mkali wa bonde mpaka Kilimatinde. Boma lilikuwa pale juu, bendera inapepea, na askari mlangoni. Nikawaza kwamba neno moja tu, nikilisema pale, lingeuokoa mgongo wangu. Wangetumwa askari, kijiji kingelipa, na mimi ningekuwa mtumishi mwaminifu aliyedhulumiwa na washenzi. Ndahani aliona ninavyolitazama boma. Alibadilisha tu bega la mzigo.

Nikawaza pia kukimbia, kukata kaskazini nirudi Kondoa. Lakini nikitoroka, Bwana Mawe angetuma watu wafuate njia yetu kijiji hadi kijiji wakiuliza sanduku, na wangefika palepale. Kwa hiyo nilienda mbele kwa sababu hakukuwa na pengine. Katika nchi ya Waturu tulipewa kuku na ugali wa mtama, na mimi, ambaye mnanijua sahani yangu, nilimwachia Ndahani kuku mzima. Usiku niliota natafuta mchanga laini wa kusugua tundu.

Kambi ya Bwana Mawe

Alikuwa amepanga mawe yake mezani, yamefungwa kwenye vitambaa, yanangoja. Akanipokea kwa furaha, meno yote nje. Akafungua kisanduku.

Alikiinua kikombe, akakigeuza, akaniona kupitia tundu. Jicho lake lilikuwa la samawati, na lilibaki pale muda mrefu.

"Nani?"

"Mimi, Bwana."

"Kwa nini?"

"Simba walikuwa njiani, Bwana. Nilitaka kumimina vidonge vya risasi. Bwana alisema hakijui moto."

"Mimi nilisema risasi adui. Mimi mwenyewe nilikufundisha."

"Nilisahau, Bwana."

Nilitarajia atapiga kelele. Alikaa kitini, akayatazama mawe yake. "Sasa haya yote yananyamaza," akasema, na nilimwonea huruma kweli, mnisamehe, kwa sababu alinifundisha kama mtu anayefundisha mwanawe, na mimi nilikuwa nimelikumbuka kila neno. Kisha akaita, "Ombasha!"

Ombasha wa kambi, askari mwenye cheo, alikuwa mtu mrefu, mtulivu, aliyefanya kazi ile bila hasira. Sitawaeleza viboko. Nilipiga kelele tangu cha kwanza, wala sikuona haya.

Alipomaliza akaniletea maji ya chumvi, akachuchumaa karibu na kichwa changu. "Wewe huna gobori," akasema polepole. "Mwenzako ana mkuki. Risasi mliitoa wapi?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Katika hofu zangu zote, hilo sikuwa nimeliwaza.

"Niliiokota," nikasema.

"Risasi haiokotwi Ugogo, bwana. Mtu akiwa na kidonge kimoja hulala nacho." Akanitazama kidogo, akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye hema la Bwana Mawe. Nikamwona akiinama kuingia. Alikaa ndani muda mrefu, na alipotoka hakunitazama tena.

Asubuhi niliambiwa nimefukuzwa. Ndahani alinisindikiza mpaka njia panda, akasema atapita kulekule kijijini ili wajue kwamba sikuwataja. "Mgogo," nikamwambia, "kama ukikuta moshi?" Akasema, "Nitakuwa nimeuona." Akaenda, na sijamwona tena.

Kondoa

Haya ndiyo mliyokuwa mnataka kujua. Nilichowaficha ni kwamba sikurudi kupumzika. Kila siku nimekaa karibu na njia nikiwasubiri wanaotoka kusini, nikiwauliza bei ya chumvi, bei ya ngozi, na kama wamesikia askari wakipita upande ule. Wengi hawakupitia huko. Mmoja alisema amesikia kuna kijiji kimechomwa, hakujua kipi, na tangu siku ile nilishindwa kulala hata mgongo ulipopona.

Jana alipita mchuuzi wa chumvi na punda wake. Nikamwuliza alikopita, akanihesabia vijiji kimoja kimoja, na kati yake akakitaja kile. Nikamwuliza kama mtu asiyejali, je, huko watu wanaendeleaje? Akasema njaa ipo, mvua bado, lakini kuna mhunzi mmoja mzee, wa pekee pale, aliyemfulia jembe mwezi huu huu, tena akamcheka kwa kutojua kuvuta mivukuto.

Nikamwomba anionyeshe. Akalichomoa kwenye mzigo. Lilikuwa jipya, makali yake hayajaona udongo, na alama za nyundo bado zipo juu yake. Nilishindwa kulirudisha. Nililishika kwa mikono miwili muda mrefu, machozi yananitoka mbele ya punda na watu, mpaka yule bwana akadhani nataka kulinunua, akaanza kunitajia bei.